Nani Ameandikishwa? Shule za Mkataba za Marekani na Hoja ya Wanafunzi Teule

Tangu jimbo la Minnesota lilipopitisha sheria ya kwanza ya shule za mkataba mwaka 1991, yaani shule zinazogharimiwa na kodi za wananchi lakini huendeshwa na bodi huru, wapinzani wake wameshikilia hoja moja kuliko zote: kwamba matokeo yakipendeza, sifa ni ya wanafunzi walioandikishwa wala si ya walimu.

Ushahidi wa kawaida wa hoja hiyo ni idadi ya watoto wanaostahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu, inayochukuliwa kuwa kipimo cha umaskini. Kipimo chenyewe ni butu. Mtoto ambaye kipato cha kwao ni asilimia 180 ya mstari wa umaskini na yule ambaye kwao hakuna kipato kabisa huwekwa fungu moja, na tangu sheria ya mwaka 2010 shule nyingi huwalisha wanafunzi wote bila kukusanya fomu za kipato. Kujenga hukumu nzima juu ya safu hiyo ya takwimu ni uzembe, hata anapoufanya profesa.

Ushahidi wa kuaminika zaidi unatoka Lynn, mji wa Massachusetts, ambako shule ya mtandao wa shule za mkataba wa KIPP ilipata waombaji wengi kuliko nafasi na kulazimika kuendesha bahati nasibu. Mwanauchumi Joshua Angrist na wenzake waliwafuatilia waliopata nafasi na waliokosa, makundi mawili ambayo wazazi wao walijaza fomu ileile kwa hamu ileile. Kwa kila mwaka uliotumika shuleni hapo, alama za hisabati zilipanda kwa zaidi ya theluthi ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko wa alama kuzunguka wastani. Za kusoma zilipanda kidogo tu. Kubwa zaidi ni kwamba waliofaidika kupita wengine ni wasiojua Kiingereza vizuri, wenye mahitaji maalumu na walioingia na alama duni, watoto walewale wanaodaiwa kukwepwa. Aliyeshinda bahati nasibu kisha akahama hakufutwa katika hesabu, kwa hiyo dai kwamba wanyonge hufukuzwa ili wastani upande haligusi matokeo hayo.

Ni kweli kwamba bahati nasibu haisemi lolote kuhusu mtoto ambaye mzazi wake hakujaza fomu, na kwamba mtandao wa shule za mkataba wa Success Academy wa New York ulizoea kutojaza nafasi zilizoachwa wazi baada ya darasa la nne, jambo lililobadilisha sura ya darasa mwaka hadi mwaka. Hata hivyo ufundishaji unabaki kuwa na uzito zaidi kuliko orodha ya majina, na anayebisha angeanza na nafasi hizo zisizojazwa, kwa kuwa huko ndiko hoja yake ina mahali pa kusimama.