Mfumbiro, Mlima Ulioonekana Kutoka Karagwe



Tumeombwa kunena juu ya Mfumbiro, safu ya milima iliyo magharibi yetu, ng'ambo ya Mto Kagera, ambayo leo wengi huiita Virunga. Mwaka 1861 Mwingereza Speke, akiwa hapa Karagwe katika nchi ya Mfalme Rumanyika, aliviona vilele vyake kwa mbali, akakadiria kwa macho kuwa vyapita futi 10,000. Vyapita, tena kwa mengi: Karisimbi, mrefu kuliko yote, una meta 4,507, karibu futi 14,800. Nanyi wauza kahawa mwajua kadirio la macho hupunja upande upi.

Hata hivyo kadirio hilo lilizaa mambo makubwa. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, Waingereza walijiwekea Mfumbiro, na mahali ulipo hasa hapakuwa pamepimwa. Miaka minne baadaye ndipo Mjerumani von Götzen, pamoja na wapagazi wake, alipopanda Nyiragongo, mmojawapo wa milima hiyo, akachungulia shimo lake la moto. Mwaka 1910 Wabelgiji nao wakaketi mezani, na safu nzima ikakatwa mafungu matatu. Ndiyo sababu leo Karisimbi u mpakani mwa Rwanda na Kongo, na Muhavura mpakani mwa Rwanda na Uganda. Wenyeji waliolima miteremko ile hawakuulizwa.