Chuo cha Moshi na Daftari la Mkulima

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi, iliyosomwa katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Walionitangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, mizani na pamba yetu. Mimi nimeombwa niseme juu ya elimu, nami nimeona heri niwasimulie historia ya chuo ambacho wengi wetu twakijua kwa jina tu, yaani Chuo cha Ushirika cha Moshi. Nina sababu ya kufanya hivyo. Katika mkutano wetu wa kesho limo pendekezo la kupunguza fungu la elimu, ili fedha hizo ziongezwe katika malipo ya wakulima. Jambo hilo si dogo, na yatupasa kulipima kabla hatujainua mikono.

Chuo hicho hakikuwekwa Moshi kwa kubahatisha. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925. Sheria ya Vyama vya Ushirika ikatungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 kikasimama chama kikuu chao, KNCU. Wenzao wa Bukoba waliunda chama kikuu mwaka 1950, na mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wakaunganisha vyama vyao chini ya Shirikisho la Victoria, huko Mwanza. Basi nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, ushirika ulikwisha kuwa na mizizi.

Baada ya uhuru Serikali ilitaka vyama vya ushirika vienee kila mahali, hata katika sehemu ambazo havikuwako. Vikaandikishwa vingi kwa muda mfupi. Lakini, ndugu zangu, chama chaweza kuandikishwa kwa siku moja. Karani hodari hapatikani kwa siku moja. Makatibu, watunza hesabu na wakaguzi walihitajiwa kuliko walivyopatikana. Haja hiyo ndiyo iliyozaa Chuo cha Ushirika mwezi Januari 1963, na mwaka uliofuata kikapewa sheria yake.

Sasa naomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo penye somo letu. Waanzilishi hawakuridhika na kuwafundisha makarani peke yao. Mwaka 1964 kiliundwa pia Kituo cha Elimu ya Ushirika, ambacho kazi yake ilikuwa kumfikia mwanachama na mjumbe wa kamati huko huko aliko. Kituo kilikuwa na matawi mikoani, kikafundisha kwa mikutano, kwa masomo ya posta na kwa redio. Chuo kilimwita mtumishi aje Moshi. Kituo kilimfuata mkulima kijijini. Walijua kwamba mkokoteni hauendi kwa gurudumu moja.

Haja ya gurudumu hilo la pili ilionekana wazi mwaka 1966, wakati Kamati Maalumu ya Rais ilipochunguza vyama vya ushirika. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni upungufu wa watumishi wenye ujuzi, kukosekana kwa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na siasa. Lakini iliitaja pia kasoro nyingine ambayo ingefaa iandikwe juu ya mlango wa kila ghala letu: wanachama hawakuwa na habari za chama chao. Walikileta zao, wakapokea walichopewa, wakarudi nyumbani.

Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu, na kazi zao wakapewa mashirika ya mazao pamoja na vijiji. Sababu zilikuwa nyingi, wala si nia yangu kuzihukumu leo. Nasema hili tu: nyumba ambayo mwenyewe hajui vyumba vyake, ni shida kuitetea inapobomolewa. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Chuo chenyewe hakikuvunjwa. Kilidumu, na vyama viliporudi kilikuwapo.

Tangu hapo kimekua. Mwaka 2004 kilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili, yaani Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Leo hakiko Moshi peke yake. Kina tawi kule Kizumbi, Shinyanga, na ofisi katika mikoa, kama Mwanza, Tabora na Mtwara. Asiyeweza kufika chini ya Kilimanjaro aweza kupata mafunzo karibu zaidi na shamba lake.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia hoja za wanaotaka fungu la elimu lipunguzwe, wala sizidharau. Wanasema mkulima ana karo ya watoto na deni la dawa za pamba, na shilingi iliyo mkononi ndiyo anayoijua. Wanasema kwamba miaka yote 10 wamesafiri makatibu na wajumbe, wakarudi na vyeti, na mkulima hakuona kitu. Hoja hii ya pili ni kweli. Ila naomba niwaeleze jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Nilipoanza ukatibu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, nikadhani hayo yatosha. Mwaka wangu wa pili alinijia mzee mmoja, mwanachama wetu, akiwa na stakabadhi mbili ndani ya mfuko wa nailoni. Akaniambia, “Mwanangu, dawa hizi nililipa taslimu. Mbona mmenikata tena kwenye pamba?” Nilifungua leja, nikamwonyesha safu za tarakimu, nikamwambia kwa adabu kwamba hesabu ni sawa. Aliamkia kuondoka, asiweze kunijibu, kwa kuwa hakuweza kuisoma leja ile. Na mimi, kwa kweli, sikuweza kuisoma vema kuliko yeye.

Mwaka uliofuata nilipelekwa kwenye mafunzo ya muda mfupi kwa fedha za fungu hili hili. Nilifundishwa kulinganisha leja ya wanachama na stakabadhi, moja baada ya moja. Niliporudi nilikaa usiku mara tatu na taa, nikaona kwamba malipo ya taslimu ya ukurasa mzima sikuyahamisha. Wanachama 31 walikuwa wamekatwa mara mbili. Hapakuwa na mwizi. Kosa lile lilikuwa la mkono wangu.

Nilisimama mbele ya mkutano nikasema hivyo, na fedha zikarudishwa. Mzee yule alipokea zake, akanitazama, akasema, “Mimi nilijua. Sikuwa na namna ya kukuonyesha.”

Maneno hayo hayajaniondoka. Elimu yangu iligundua kosa baada ya mwaka mzima. Elimu yake ingeligundua siku ile ile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisilosomeka na mwenye mali halimlindi.

Kwa hiyo naomba kesho tusilipunguze fungu la elimu, bali tuligawe upya. Nusu iendelee kuwasomesha watumishi na wajumbe, na atakayepelekwa atie sahihi ya kukitumikia chama. Nusu ya pili iende vijijini. Tuombe wakufunzi kutoka Kizumbi au ofisi ya mkoa waje baada ya mavuno, na kila chama cha msingi kiwe na darasa la jioni, wanaume kwa wanawake, wajifunze mambo matatu tu kwanza: kusoma mizani, kusoma stakabadhi, na kusoma ukurasa wao katika leja. Darasa la kwanza liwe katika chama changu, na leja ya kwanza kufunguliwa iwe ile niliyoiandika mimi.

Tukifanya hivyo, siku tutakapokusanyika kutimiza miaka 20, makatibu watakuwa wakiulizwa maswali magumu zaidi kuliko leo. Nami nitakuwa wa kwanza kufurahi.