Mazoezi Yaliyotuponya

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Yubile ya Miaka 25

 



Wengi mnatujua kwa sare na kwa nyimbo za Jumapili. Leo tunaomba kuwaeleza habari za mazoezi ya Jumamosi jioni, kwa maana huko ndiko Mungu alikotutengeneza.

Machi 2020 makanisa yalifungwa. Mazishi yakawa ya watu 15 tu. Desturi yetu ni kumwimbia kila mwanakwaya anayelala katika Bwana, lakini mwaka huo mama yetu mmoja wa sauti ya pili alizikwa bila sisi kuwepo. Milango ilipofunguliwa Julai, ibada ilikuwa ya watu 100 kwa saa moja, na waliozidi miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Sauti yetu ya nne ni wazee. Tukawa kama nyumba isiyo na msingi.

Tuliporudi sote, nyimbo za zamani zilitukwama kooni. Ndipo mwalimu wetu akaweka vitabu kando, akasema tumtungie mama yule wimbo, na kila mmoja alete mstari wake. Hatukuwa watunzi. Tulianza kwa kupumua tu: kuvuta pumzi hadi tumboni, kuitoa polepole kwa hesabu ya nane. Pumzi ikitoka polepole, mapigo ya moyo nayo hutulia. Kisha tukaandika solfa ubaoni, tukafuta, tukaandika tena. Mstari mmoja uliwashinda sauti ya tatu kwa majuma matatu.

Katika kurudia huko, mengi yalitoka. Baba mmoja ambaye hatukuwahi kumwona akilia alilia kwenye mstari wake mwenyewe. Tulimngoja, kisha tukaendelea pale alipoachia. Kijana mmoja mkimya alileta maneno yaliyotushangaza, na leo ndiye anayetutungia nyimbo. Tulidhani tunamwimbia marehemu tu, kumbe tulikuwa tunajifahamu sisi wenyewe.

Tunasoma katika 1 Samweli 16 kwamba Sauli alipata nafuu Daudi alipompigia kinubi. Haikuwa mara moja: kila taabu iliporudi, kinubi kilipigwa tena. Ndivyo yalivyo mazoezi. Hatusemi huzuni imekwisha. Tunasema ina mahali pa kwenda kila Jumamosi.

Kwa hiyo tuna ombi. Mara nyingi tunasikia, "Mimi sina sauti." Wanakwaya wenzetu, katika miaka 25 ijayo tusianze kwa kumuuliza mtu kama anajua kuimba. Aliyefiwa, aliyepoteza kazi, mama asiyepata usingizi: aje, akae kiti cha nyuma, apumue pamoja nasi. Sare si lazima. Akitaka kunyamaza, anyamaze. Siku yake ikifika, ataleta mstari wake.

Wimbo ule tutauimba sasa hivi. Wazee wa sauti ya nne wapo.