Shahidi Mmoja, Makala Mbili

Mtafiti akikusanya msamiati wa Kiha huko Muyama, katika nyanda za juu za Kigoma, kisha akauchapisha kwa Kiingereza na tena kwa Kiswahili bila kulitaja chapisho la kwanza, madhara hayaishii katika orodha anayoitumia kuombea cheo. Mlinganishaji wa lugha za Kibantu atakayemfuata atahesabu mashahidi wawili, ilhali mzee aliyehojiwa ni yule yule mmoja. Lugha ya pili haina hatia. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba huikubali makala ya namna hiyo, mradi wahariri wa pande zote mbili waridhie na ya pili iitaje ya kwanza. Tena Kiswahili ndicho kinachomrudishia mzee huyo maneno yake. Kilichohitajika ni tanbihi ya mstari mmoja tu.