Dhamana ya Simu Iliyobadilishwa Programu

Simu iliyobadilishwa mfumo endeshi, au kuflashiwa kama wasemavyo mafundi, ikizimika kwa sababu hiyo, muuzaji halazimiki kwa kawaida kutoa nyingine: dhamana huhusu kasoro za kiwandani. Kurudisha programu ya awali hakufichi kitu. Simu nyingi za Samsung zina fyuzi ndogo inayoungua programu isiyo rasmi inapowekwa. Haitengenezeki, na kituo cha huduma huisoma mara moja.

Lakini tundu la chaji lililolegea halikulegezwa na programu. Hapo ndipo wauzaji wengine hukataa kwa jumla, nasi hatukubaliani nao. Daini kasoro hiyo peke yake, mkiwa na risiti. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Malalamiko tunayoletewa bila karatasi hiyo huchelewa mno.