Nafasi ya Uzoefu wa Mwanafunzi Mtu Mzima katika Taaluma ya Maendeleo ya Jamii na Vijana Nchini Tanzania

1. Utangulizi

Mada hii inajadili nafasi ya mwanafunzi mtu mzima, yaani mtu anayerejea masomoni baada ya miaka kadhaa ya kazi na malezi, katika taaluma ya maendeleo ya jamii na vijana. Hoja yake kuu ni kwamba uzoefu wa mwanafunzi huyo huwa mtaji pale tu chuo kinapomtaka auhoji. Usipohojiwa hugeuka mazoea, na afisa aliyehitimu hurudi kazini na majibu yaleyale aliyoondoka nayo.

2. Usuli

Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Azimio la Musoma la 1974 likataka wahitimu wa kidato cha sita wapitie kazini kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, kwa imani kwamba kazi humkomaza msomi. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria, na baadaye Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapanua elimu ya masafa, ambayo mwanafunzi huifuata bila kuhama makazi yake. Leo maafisa wa fani hii huandaliwa pia katika vyuo kama Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, mkoani Arusha, na Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam.

3. Uzoefu unapoingia darasani

Mfano mzuri wa namna uzoefu unavyofaa darasani ni mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri hutakiwa kuitoa kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mwanafunzi aliyewahi kupokea maombi ya mikopo hiyo anajua kwamba kikundi huweza kuwa na katiba safi, mihtasari yenye mihuri na akaunti ya benki, ilhali wanachama wake hawajawahi kukaa pamoja isipokuwa siku ya kusaini fomu. Mwenzake aliyetoka shule moja kwa moja huona nyaraka zimekamilika, lakini mwenye uzoefu huona kikundi kilichozaliwa na fomu.

Hata hivyo, uzoefu huohuo unaweza kumfanya aamini kwamba vijana wa vijiweni hawakopesheki, badala ya kuuliza kwa nini masharti yanadai kikundi ilhali dereva wa bodaboda hutafuta riziki peke yake na kibarua huhama kila msimu. Hapo ndipo nadharia inapohitajika, hasa mtazamo wa Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil, aliyesisitiza kwamba tafakuri na utendaji haviachani, na kwamba wananchi ni washiriki wa kuyachambua maisha yao, si vyombo vya kujazwa maarifa.

4. Vikwazo

Mbali na ada na majukumu ya familia, vikwazo viwili hugusa kiini cha taaluma yenyewe. Kwanza, mwanafunzi aliyeendesha mikutano ya kijiji kwa Kiswahili kwa miaka mingi hupimwa kwa Kiingereza, hivyo mtihani huweza kupima lugha kuliko uelewa wake. Pili, anapokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, yaani kipindi cha kujifunza kazini chini ya msimamizi, akipangiwa ofisi aliyotoka hukabidhiwa majukumu yake ya zamani, na hakuna jipya analojifunza.

5. Hitimisho na mapendekezo

Inapendekezwa kwamba vyuo vimtake kila mwanafunzi mwenye uzoefu aandike uchambuzi wa tukio moja la kazi yake na autetee mbele ya wenzake wadogo. Kwamba mafunzo kwa vitendo yafanyike nje ya kituo chake cha kazi. Na kwamba waajiri wampe ruhusa inayolingana na ratiba ya masomo. Miaka ya kazi isihesabiwe kuwa sifa ya kujiunga tu, bali iwe sehemu ya somo lenyewe, na wakufunzi ndio wanaopaswa kuanza kuifanya hivyo.