Mtuhumiwa wa Ugaidi Ahojiwe Vipi?



Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200. Dar es Salaam walikufa 11, na miongoni mwao hapakuwa na Mmarekani hata mmoja.

Mtanzania mmoja aliyetuhumiwa katika njama hiyo, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa nchini Pakistan mwaka 2004. Badala ya kufikishwa mahakamani, alitiwa mikononi mwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, akafichwa katika mahabusu ya siri kwa muda wa miaka miwili hivi, kisha akapelekwa Guantanamo. Mwaka 2009 ndipo alipofikishwa katika mahakama ya kiraia mjini New York.

Huko ndiko matunda ya mahabusu ya siri yalikoonekana. Upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi ambaye wenyewe ulimwita shahidi mkubwa, mtu aliyedaiwa kumwuzia Ghailani baruti. Lakini jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumshurutisha mtuhumiwa alipokuwa mikononi mwa CIA. Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan alimkataa. Mwezi uliofuata juri ya raia ilimwona Ghailani hana hatia katika makosa zaidi ya 280, ikamtia hatiani kwa kosa moja tu. Ni kweli kwamba kosa hilo moja lilitosha kumfunga maisha. Hata hivyo, wako waliomlaumu jaji na kudai kwamba sheria imewapendelea magaidi. Lawama hiyo imekosa anwani. Aliyeuharibu ushahidi ni yule aliyeutafuta kwa mabavu.

Hoja ya upande wa pili nayo si ya kupuuzwa. Husemwa: je, kama bomu jingine limekwisha tegwa sokoni, askari aanze kusoma kanuni? Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikwisha likabili swali hilo. Tangu mwaka 1966 polisi wa huko hulazimika kumwonya mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi, kabla ya kumhoji, kwamba anayo haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili; wasipofanya hivyo, maelezo yake hayawi ushahidi. Mwaka 1980, katika mtaa wa Queens mjini New York, askari walimkamata mtu ndani ya duka kubwa la vyakula, akiwa amevaa mfuko wa bastola mtupu. Askari akamwuliza, kabla ya onyo lolote, bastola iko wapi. Mtu yule akaonyesha kwa kichwa yalipokuwa maboksi matupu. Mwaka 1984 Mahakama ilikubali jibu lile kuwa ushahidi, kwa sababu bastola iliyozagaa dukani ilikuwa hatari kwa kila apitaye.

Tazameni jinsi ruhusa hiyo ilivyo nyembamba. Ni swali moja, juu ya hatari moja, na hakuna aliyepigwa. Kuahirisha onyo ni jambo moja. Kumtesa mtu ni jambo jingine kabisa, na wanaochanganya mambo hayo mawili aghalabu hufanya hivyo kwa makusudi.

Lakini mlango ukifunguliwa kidogo husukumwa. Baada ya mabomu ya Boston ya Aprili 2013, mtuhumiwa aliyejeruhiwa alihojiwa kitandani hospitalini kwa saa nyingi bila onyo, ilhali alikwisha omba wakili. Kuuliza kama yako mabomu mengine kulikuwa halali. Kuendelea baada ya hapo kulikuwa ni upelelezi uliovaa joho la usalama. Waendesha mashtaka nao, kesi iliposikilizwa mwaka 2015, hawakuyaegemea maelezo hayo. Picha za kamera na ushahidi mwingine ulitosha kumtia hatiani.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 iliweka muda wa msingi wa kumhoji mtuhumiwa kuwa saa nne, ambao waweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Ibara ya 13 ya Katiba hukataza mtu kuteswa, wala haibagui kosa dogo na kosa kubwa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 iko chini ya Katiba hiyo hiyo. Askari wa kituoni ambaye saa nane za usiku analetewa mtu anayeshukiwa kuficha milipuko anaweza kuuliza mara moja iliko. Maelezo ya kosa lenyewe yangoje onyo, saa na saini.

Jamaa za wale 11 wa Dar es Salaam walistahili kuona ushahidi wote ukipimwa waziwazi: nani aliuza baruti, na nani aliinunua. Mtu aliyedaiwa kuiuza alikuwa tayari kusema. Juri haikumsikia.